Kipi Hasa Kinachovuka? Mhadhara juu ya Amoniamu na Protini za Utando wa Seli

Naitrojeni imo katika kila protini na katika kila uzi wa vinasaba, lakini kiumbe hai hakiwezi kuitumia mpaka iingie ndani ya seli ikiwa katika umbo ambalo vimeng'enya vyake vinaweza kulishika. Miongoni mwa maumbo hayo, lile linalohitaji gharama ndogo zaidi ya kulibadilisha kuwa asidi amino ni amoniamu, yaani ioni iliyoundwa na atomu moja ya naitrojeni na atomu nne za haidrojeni, yenye chaji moja chanya ya umeme. Bakteria wa utumboni huitafuta, hamira huipenda kuliko vyakula vingine vingi vya naitrojeni, mpunga uliosimama katika maji ya jaruba huitegemea karibu maisha yake yote, na figo za binadamu huitumia kuutoa mwilini uasidi usiotakiwa. Mhadhara huu unahusu hatua moja tu katika safari hiyo ndefu, nayo ni kuvuka utando wa seli, na unaongozwa na swali ambalo kwa maneno ni dogo lakini liliwagawanya wataalamu kwa muda mrefu: pale amoniamu inaposemwa kuwa imeingia ndani ya seli, ni kipi hasa kilichovuka?

Swali hilo lina maana kwa sababu amoniamu haikai peke yake. Katika maji daima huwa pamoja na amonia, gesi isiyo na chaji, yenye atomu tatu za haidrojeni badala ya nne, ambayo harufu yake kali humfikia yeyote anayeingia katika banda la kuku lisilosafishwa. Tofauti kati ya hizo mbili ni protoni moja, yaani kiini cha atomu ya haidrojeni kilichopoteza elektroni yake: amonia ikiipata protoni huwa amoniamu, na amoniamu ikiipoteza hurudi kuwa amonia. Uwiano wa hizo mbili hutegemea pH, ambayo ni kipimo cha uasidi. Kwenye pH 9.25 ziko nusu kwa nusu, na kila pH inaposhuka kwa hatua moja, sehemu ya amonia hupungua takriban mara kumi, kiasi kwamba kwenye pH 7, iliyo karibu na hali ya ndani ya seli nyingi, amonia haifiki hata asilimia 1 ya jumla, na katika udongo wenye pH 5 haifiki sehemu moja kati ya elfu kumi.

Utando wa seli, kwa upande wake, ni tabaka mbili za molekuli za mafuta zilizopangwa zikipeana migongo, na mafuta hayakaribishi kitu chenye chaji. Ioni iliyozungukwa na molekuli za maji ingelazimika kuziacha zote ili izame katika mafuta, na gharama ya nishati ya kufanya hivyo ni kubwa mno, ilhali gesi ndogo isiyo na chaji haina kizuizi kikubwa namna hiyo. Kutokana na hoja hiyo ilijengeka imani, iliyofundishwa vyuoni kwa miongo mingi, kwamba amonia hujipenyeza yenyewe kupitia utando, kisha hukutana na protoni ndani na kuwa amoniamu, na kwamba hakuna haja ya protini yoyote ya kuisaidia. Hoja hiyo ni nadhifu, na unadhifu wake ndio uliowafanya wengi wasiihoji mapema.

Kasoro zake zilianza kuonekana kwa njia ya vipimo. Mwaka 1970 watafiti wa kuvu aitwaye Penicillium chrysogenum walitumia methilamoniamu, ioni inayofanana na amoniamu isipokuwa haidrojeni moja imebadilishwa kwa kikundi cha kaboni, ambayo inaweza kutiwa kaboni yenye mionzi na hivyo kufuatiliwa, jambo lisilo rahisi kwa amoniamu yenyewe. Kuvu huyo aliikusanya methilamoniamu ndani yake kwa kiwango kilichozidi sana kile cha nje, na amoniamu ilipoongezwa, ukusanyaji huo ulizuiwa. Kitu kinachopenya chenyewe hakijikusanyi upande mmoja kiasi hicho, wala hakigombei nafasi na mwenzake. Mwaka 1989 ikaja habari nyingine, safari hii kutoka kwa watafiti wa figo, ambao walionyesha kwamba utando wa upande wa mkojo katika sehemu moja ya mirija ya figo hauipitishi amonia kwa kiasi cha kuweza kupimwa, ingawa ni gesi na ni ndogo. Ikiwa kuna utando unaoweza kuizuia amonia, basi kupita kwake mahali pengine hakuwezi kuchukuliwa kuwa jambo la kawaida lisilohitaji maelezo.

Protini yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na namna ilivyopatikana inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa bado ndiyo inayotumika. Hamira inaweza kukuzwa katika chakula ambacho amoniamu ndiyo chanzo pekee cha naitrojeni. Wanasayansi walikuwa na aina za hamira zenye kasoro za jeni ambazo hazikuweza kukua katika chakula cha namna hiyo iwapo amoniamu ni kidogo. Hamira hizo zilipewa vipande vya vinasaba, kila moja kipande chake, kisha zote zikatandazwa juu ya chakula hicho hicho kilichozishinda, ili ile itakayokua iwe imejitangaza yenyewe kuwa imepokea jeni ya kisafirishi. Bruno André na wenzake wa Brussels, akiwemo Anna-Maria Marini, walitumia vinasaba vya hamira yenyewe na kuipata jeni waliyoiita MEP1. Mwaka huo huo kundi la Wolf Frommer lilitumia vinasaba vya Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali unaotumiwa sana maabarani, na kuipata AMT1. Protini za jeni hizo mbili zilifanana, ingawa mmoja wa viumbe wenyewe ni kuvu na mwingine ni mmea. Baadaye ilibainika kwamba hamira ina jeni tatu za aina hiyo, na kwamba zote tatu zikiondolewa, hamira hushindwa kukua pale amoniamu inapokuwa chini ya takriban milimola 5 kwa lita. Kwa maneno mengine, ile amonia iliyodhaniwa kujipenyeza yenyewe haitoshi kumlisha kiumbe mwenye njaa.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kundi hilo la Brussels lilipolinganisha mpangilio wa asidi amino wa protini hizo na protini nyingine zilizojulikana, liligundua mwaka 1997 kwamba zina undugu na protini za Rh za chembe nyekundu za damu. Jina Rh linafahamika na kila mjamzito aliyepimwa damu kliniki, kwa kuwa mama mwenye Rh hasi anayebeba mimba ya mtoto mwenye Rh chanya huhitaji kuangaliwa kwa makini. Lilitokana na majaribio ya Karl Landsteiner na Alexander Wiener yaliyochapishwa mwaka 1940, ambayo yalitumia damu ya kima aina ya rhesus. Kwa miaka sitini protini hizo zilikuwa muhimu sana katika hospitali bila yeyote kujua kazi yake mwilini. Mwaka 2000 Marini na wenzake walichukua jeni mbili za binadamu za ukoo huo, wakaziweka katika ile hamira iliyonyang'anywa visafirishi vyake vyote vitatu, na hamira ikakua. Inafaa kuongeza kwamba ile RhD inayopimwa kliniki si mojawapo ya hizo mbili, na kwamba imepoteza asidi amino ambazo, kama itakavyoonekana, ndizo kiini cha usafirishaji; ndugu yake RhAG, anayekaa naye katika utando wa chembe nyekundu, ndiye anayeipitisha amonia.

Umbo la protini hizi lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2004, pale makundi mawili, moja likiwa la Robert Stroud huko San Francisco, yalipofanikiwa kutengeneza fuwele za AmtB, kisafirishi cha bakteria Escherichia coli, na kuzipiga eksirei. Picha iliyotokana na kazi ya Stroud ilikuwa na ukali wa nanomita 0.135, kiwango ambacho kwa protini ya utando kilikuwa nadra mno wakati huo. Protini hiyo hukaa katika makundi ya watatu watatu, kila mmoja akiuvuka utando mara kumi na moja kwa misokoto ya helisi, na kila mmoja ana njia yake katikati. Njia tatu, basi, kwa kila kundi. Kwenye mlango wa nje kuna bonde dogo lenye asidi amino ya triptofani na nyingine zenye pete, ambazo mawingu yake ya elektroni huivuta ioni yenye chaji chanya na kuishikilia. Chini ya bonde hilo kuna fenilalanini mbili zilizolaliana zikiziba njia, na baada ya hapo unaanza mfereji mwembamba wenye urefu wa takriban nanomita 2, ambao kuta zake karibu zote ni za asidi amino zisizopenda maji. Katikati ya mfereji huo zimesimama histidini mbili, namba 168 na namba 318, zilizoelekeana na kushikana kwa kifungo cha haidrojeni, na jozi hiyo imehifadhiwa karibu katika ukoo mzima, kuanzia bakteria hadi figo ya binadamu.

Mfereji mkavu namna hiyo ulionekana kutoa jibu. Ioni haiwezi kupita mahali pasipo na maji, kwa hiyo lazima amoniamu iache protoni yake mlangoni na kinachopita ni gesi ya amonia peke yake. Na kweli, vifuko vidogo vya mafuta vilivyotiwa AmtB vilipowekewa amoniamu, pH ya ndani ilipanda, kama inavyotarajiwa iwapo amonia inaingia bila protoni. Wengi waliridhika. Hata hivyo, tangu mwaka 2002 kulikuwa na ushahidi usiokubali kunyamaza, uliotokana na kisafirishi cha mnyanya kilichowekwa katika mayai ya chura wa Afrika aina ya Xenopus, ambayo ni makubwa kiasi cha kuweza kuchomwa sindano za kupimia umeme: amoniamu ilipoongezwa, mkondo wa umeme uliingia ndani ya yai. Gesi isiyo na chaji haileti umeme. Mwaka 2014 vipimo vya moja kwa moja kwa protini za kiumbe mdogo wa mahali pa joto kali, Archaeoglobus fulgidus, vilionyesha vivyo hivyo kwamba chaji huvuka. Kukawa na kambi mbili, moja ikisema ni gesi na nyingine ikisema ni ioni, na kila moja ilikuwa na vipimo visivyoweza kupuuzwa. Kwa mtazamo wa mhadhara huu, kosa halikuwa katika vipimo vya upande wowote, lilikuwa katika kudhani kwamba chaji na naitrojeni lazima zisafiri kwa njia moja.

Jibu linalokubaliana na ushahidi wa pande zote lilichapishwa mwaka 2020 na kundi lililoongozwa na Arnaud Javelle wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, kwa kuunganisha vipimo vya umeme, majaribio ya hamira na ukokotoaji wa kompyuta unaofuata mwendo wa kila atomu. Amoniamu hufika bondeni mwa mlango na kunyang'anywa protoni yake. Amonia iliyobaki, ikiwa haina chaji, hupita katika mfereji mkavu bila shida, ilhali protoni hupita pembeni kwa kurukia molekuli moja ya maji hadi nyingine katika nyuzi mbili nyembamba za maji, moja upande wa nje na moja upande wa ndani, ambazo huunganishwa na ile jozi ya histidini. Upande wa pili vyote viwili hukutana na amoniamu huundwa upya. Ni kama mgeni anayevua viatu kizingitini, viatu vikapitishwa uani, naye akavivaa tena akiwa ndani: aliyeonekana nje na anayeonekana ndani ni yule yule, lakini ukumbini hakuna aliyekanyaga na viatu.

Faida ya utaratibu huo wenye mzunguko haiko wazi mpaka ikumbukwe potasiamu. Ioni ya potasiamu ina chaji ile ile na ukubwa unaokaribiana sana na wa amoniamu, nayo imejaa ndani ya seli kwa kiwango kikubwa mara nyingi kuliko amoniamu iliyo nje. Mfereji unaochagua kwa ukubwa na chaji peke yake ungechanganya hizo mbili, na seli yenye njaa ya naitrojeni ingejikuta ikipoteza potasiamu yake. Lakini potasiamu haina protoni ya kuvua. Haiwezi kugawanywa vipande viwili, hivyo haiwezi kupita katika njia iliyojengwa kwa ajili ya kitu kinachogawanyika. Watafiti walipobadilisha histidini za katikati, uteuzi huo uliharibika katika baadhi ya protini zilizobadilishwa, na potasiamu ikapata nafasi ya kupita. Njia nyingine za ioni hutambua umbo la mgeni wake. Hii hutambua uwezo wake wa kuachana na sehemu yake, na ni vigumu kutaja mfano mwingine wa uteuzi wa aina hiyo ulioelezwa kwa ukamilifu kama huu.

Kisafirishi kizuri huwa hatari pale mahitaji yanapokwisha, kwa sababu amoniamu ikizidi ndani ya seli hudhuru, na seli inayoiingiza kwa mkondo wa umeme huku amonia ikivuja kurudi nje hutumia nishati bure. Bakteria wamelitatua jambo hilo kwa protini ndogo iitwayo GlnK, ambayo jeni yake imepakana na ile ya AmtB na husomwa pamoja nayo. Wakati wa njaa ya naitrojeni, GlnK hupachikwa kikundi cha uridili kwenye asidi amino ya tirosini namba 51, na ikiwa hivyo haiwezi kukigusa kisafirishi. Amoniamu nyingi inapofika ghafla, kikundi hicho huondolewa, na GlnK, ambayo nayo ni ya watatu watatu, hujibandika chini ya AmtB na kuchomeka kitanzi kimoja katika kila njia, kama fuwele za protini hizo mbili zikiwa pamoja zilivyoonyesha mwaka 2007. Mimea imechagua njia nyingine. Mkia wa ndani wa AMT1;1 ya Arabidopsis hugusana na mwenzake wa jirani katika kundi la watatu, na mguso huo ndio unaoacha njia wazi; kikundi cha fosfati kikiwekwa kwenye treonini namba 460 ya mkia huo, mguso huvunjika na njia zote tatu hufungwa, si ya mmoja pekee. Kwa hiyo seli haihitaji kufunga kila mlango kwa zamu, na mzizi uliozungukwa na mbolea nyingi huweza kujikinga kwa haraka.

Katika wanyama, ambao shida yao kubwa ni kuitoa amonia, ukoo wa Rh hufanya kazi hiyo. Panya walioondolewa jeni ya RhCG, mojawapo ya protini za ukoo huo, walipopewa asidi, walishindwa kutoa amoniamu ya kutosha katika mkojo na uasidi ukabaki mwilini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008. Samaki wengi huitoa amonia kupitia matamvua kwa protini za ukoo huo huo, na hapa Ziwa Magadi nchini Kenya linatoa mfano wa aina yake. Maji yake yana pH ya takriban 10, ambapo sehemu kubwa ya amonia yoyote hubaki gesi kwa kuwa hakuna protoni za kuifunga upande wa nje, hivyo samaki hawezi kuitegemea njia ya kawaida ya kuitoa. Perege wa Magadi, Alcolapia grahami, amelazimika kuigeuza taka yake ya naitrojeni kuwa urea, jambo lililoelezwa mwaka 1989 na lisilo la kawaida kabisa kwa samaki wa mifupa. Hata hivyo, matamvua yake bado yana protini za Rh, na jeni zake huongeza kazi pale samaki huyo anapowekwa katika amonia nyingi. Hakuitupa milango yake, ameitengenezea tu njia mbadala. Mbu anayeeneza malaria, Anopheles gambiae, ambaye huvutwa na amonia iliyomo katika jasho la binadamu, ana protini ya Amt katika vipapasio vyake, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba ndiyo inayomwezesha kunusa. Lakini jeni hiyo ilipoharibiwa katika ndugu yake wa karibu, Anopheles coluzzii, mbu hao waliendelea kuihisi amonia, na kilichodhurika ni uzazi wao.

Kwa wakulima wa Afrika Mashariki, sehemu ya habari hii iliyo karibu zaidi ni mpunga. Udongo wa jaruba lililojaa maji hukosa oksijeni, na bila oksijeni bakteria wanaoigeuza amoniamu kuwa naitreti hawawezi kufanya kazi, kwa hiyo naitrojeni ya urea au ya salfeti ya amonia inayomwagwa shambani hubaki kwa kiasi kikubwa kuwa amoniamu. Mpunga una visafirishi vya AMT vingi kuliko Arabidopsis, na wazo la kuviongeza kwa uhandisi wa jeni ili mmea utumie mbolea vizuri zaidi lilikuja mapema. Matokeo hayakuwa ya upande mmoja. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba mpunga uliopewa OsAMT1;1 zaidi ulichukua amoniamu zaidi lakini ukadumaa pale amoniamu ilipokuwa nyingi, ilhali mwaka 2014 kundi jingine lilipata mimea yenye kukua vizuri na kutoa mavuno makubwa zaidi kwa kuiongeza jeni hiyo hiyo. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba kisafirishi hakitengenezi asidi amino. Hukabidhi amoniamu kwa vimeng'enya vya ndani, hasa sintetesi ya glutamini, ambayo huiunganisha na asidi ya glutamati kwa gharama ya nishati inayotokana na sukari ya majani, na mmea ambao vimeng'enya vyake au sukari yake haviendi sambamba na kasi ya mizizi hubaki na amoniamu isiyo na pa kwenda. Ndiyo maana watafiti wa mpunga sasa huelekea kuibadilisha jozi hiyo kwa pamoja, kisafirishi na kimeng'enya, na kuyapima matokeo kwa mbolea ya viwango mbalimbali badala ya kimoja.